Mbwa wa Kuingia Kichakani

Mpwa wangu mpenzi,

Sisi huku Norfolk tu wazima, alhamdulillahi. Mkazamjomba wako anakusalimu sana na anauliza kama umeshaizoea baridi ya Herefordshire. Nimefurahi kusikia kwamba mwenye shamba amekuamini hata akakuruhusu kuwinda sungura katika mashamba yake ya matufaha. Nimefurahi zaidi kwamba umeuliza kabla hujatoa pesa kununua mbwa.

Unataka nikuambie nani bora kati ya bigli, teria na spanieli. Nitakuambia. Lakini kwanza nakuomba ulizunguke shamba lile asubuhi moja bila bunduki wala mbwa, utazame sungura wanalala wapi. Wanaotoka mashimoni usiku kuguguna magome ya miche ya matufaha hawarudi chini wote kunapokucha. Siku kavu isiyo na upepo mkali, wengi hujilaza juu ya ardhi, ndani ya ile miiba ya kutambaa yenye matunda meusi ambayo watoto wa Kiingereza huyachuma mwishoni mwa kiangazi. Humo sungura hujibana chini akatulia. Unaweza kupita hatua mbili kutoka alipo usimwone, naye asitikisike. Anayemtoa ni pua inayomfikia pale pale alipo. Kwa hiyo kichaka ndicho kitakachokuchagulia mbwa. Mbwa mrefu mwenye mbio atazunguka pembeni akibweka, na sungura atabaki ndani ametulia.

Kisha fikiria anavyotoka. Akikurupushwa hapigi mbio ndefu. Anakimbilia shimo lililo karibu, na huenda liko mita kumi au ishirini tu. Marisau ya bunduki yako huua vizuri hadi mita 35 hivi, na kupita hapo ni kumjeruhi mnyama bure. Mbwa akikurupusha sungura mita 60 mbele yako, anawinda kwa faida yake mwenyewe. Unamtaka anayefanya kazi miguuni pako, anayekwenda kushoto na kulia mbele yako, aingie kila kichaka bila kusukumwa, na asimame papo hapo sungura anapochomoka. Nalitilia mkazo neno hilo la kusimama. Mbwa anayemfukuza sungura nyuma nyuma huwa katikati ya mtutu na shabaha, na watu wameua mbwa wao kwa namna hiyo. Hata mbwa akiwa ametulia, usimpige sungura aliye bado kwenye majani. Mwache atoke peupe, na kama hakutoka, aende zake.

Sasa nikujibu kuhusu bigli. Najua ulikotoa wazo hilo: video za Marekani. Wale wawindaji wanafanya sawasawa kwa nchi yao. Sungura wao, yule mwenye mkia mweupe kama pamba, hachimbi mashimo yake mwenyewe. Bigli wakimfuata kwa harufu huku wakibweka mfululizo, hukimbia duara kubwa na mara nyingi hurudi karibu na alipoanzia, na mwindaji husimama akamsubiri. Sungura wa huku Ulaya ni mchimbaji. Akisikia sauti ya bigli hazunguki, anazama ardhini, na wewe unabaki na mbwa wanaolililia shimo. Bigli ana pua ya ajabu na tabia njema kwa watoto, lakini amezalishwa kufuata harufu mpaka mwisho wake, na kumwita aache ni kazi kubwa. Hakufai pale ulipo.

Teria ana moyo, na mwili wake mdogo hupenya popote. Tatizo ni kwamba moyo wake uko chini ya ardhi. Ataingia kichakani vizuri kwa muda, kisha akutane na mdomo wa shimo, na jioni yako itaishia kwenye sepetu ukimchimba. Mwachie mwenye nyumba aliye na panya ghalani.

Nibakie na spanieli, maana hao ndio waliotengenezwa kwa kazi hii hasa. Zamani aina zao mbili, springa na koka, hazikuwa mbali hivi. Watoto wa tumbo moja waliweza kugawanywa kwa uzito tu, wakubwa wakaitwa springa na wadogo koka. Chama cha mbwa cha Uingereza kilikuja kumtambua springa kama aina ya peke yake mwaka 1902. Springa husimama kiasi cha sentimita 50 begani. Ana nguvu, huvunja miiba kwa kifua na anaweza kufanya kazi kutwa nzima. Ungekuwa na ua mrefu wa mpakani, mabonde ya majani makavu na kware wa kizungu wa kufurusha, ningesema chukua huyo usitazame nyuma. Yupo pia klamba, mzito na mpole, anayeingia miibani kwa utaratibu. Nampenda sana kumtazama, lakini ni wachache mno siku hizi, na wanaozaliwa kwa kazi ni wachache zaidi.

Koka hufika sentimita 38 hadi 41 tu. Sungura wanapokaa muda mrefu kwenye miiba hujitengenezea vijia chini kabisa, na springa hulazimika kuvunja paa la kichaka kuvifikia. Koka huingia humo humo wanamopita sungura wenyewe. Kwa maelezo uliyonipa, vichaka vilivyofumana kati ya safu za matufaha, nyumba ndogo na gari dogo, mimi nakushauri uchukue koka jike. Majike, kwa nilivyowaona, hukomaa akili mapema na hawashindani na mwenyewe.

Lakini jina la koka halitoshi, na hapa ndipo wengi wanapotapeliwa. Wapo koka wa maonyesho na wapo koka wa kazi, na damu zao zimetengana kwa vizazi vingi. Wa maonyesho ana manyoya marefu ya kupendeza miguuni na masikio yanayobururika. Miiba humshika kila hatua, na hamu ya kuwinda imepungua kwa kuwa hakuna aliyeitafuta. Wa kazi ana manyoya mafupi zaidi na mwili mwepesi, na ukimwacha uani dakika moja pua yake iko chini. Usinunue kwa picha. Omba umwone mama mtu akiingia miibani. Mfugaji wa kweli atafurahi kukuonyesha. Anayetoa udhuru, muage kwa heshima uondoke. Tangu 2020 sheria ya England inataka watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita wauzwe na mfugaji mwenyewe, nao waonekane pamoja na mama yao pale walipozaliwa, kwa hiyo usikubali kukutana na mtu kwenye maegesho ya magari. Uliza pia vyeti vya vipimo vya wazazi: macho kwa ugonjwa unaoua uoni pole pole, na ule ugonjwa wa figo wa kurithi unaowaandama koka wakiwa wadogo. Kabla ya wiki nane mtoto asitoke kwa mama yake.

Mama yako amenipigia simu akiwa na wasiwasi kuhusu mbwa, na ana haki. Nimemwambia hivi, nawe ujue. Kufuga mbwa wa kuwinda na wa kulinda shamba tumeruhusiwa, na Surat al-Maida, aya ya 4, imehalalisha kinachonaswa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Mafakihi wetu wa Kishafii waliweka masharti ya huyo aliyefundishwa: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, na asile alichokamata. Tazama jinsi masharti hayo yanavyoingia katika haya niliyokueleza. Mbwa anayesimama kwa kipenga ndiye anayekufaa kwa dini yako na kwa bunduki yako. Mjengee banda la nje lililo kavu, lisilopigwa na upepo. Nguo za kuwindia ziwe mbali na za kusalia, na kilichoguswa na ute wake kioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyofundishwa chuoni. Sema Bismillahi kabla ya kufyatua. Ukimkuta sungura bado hai, mchinje. Ukimwona aliyevimba macho, anayekaa tu bila kukimbia, huyo ana ugonjwa ulioingia nchi hii 1953 na kuangamiza karibu sungura wote. Mpumzishe haraka, usimle.

Kuhusu sheria, mwombe mwenye shamba ruhusa ya maandishi uiweke mfukoni mwa koti. Sheria ya mwaka 2004 imekataza kuwinda wanyama wa porini kwa mbwa katika England na Wales. Sungura wa mashimo ametolewa katika katazo hilo, mradi uko kwenye ardhi uliyoruhusiwa. Yule mkubwa wa uwandani, mwenye masikio marefu yenye ncha nyeusi, asiyechimba shimo, hayumo. Mbwa wako akimwinua huyo umsimamishe, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotaka mbwa asiyesikia. Mwenye shamba naye si kwamba anakufanyia hisani tu: sheria ya mwaka 1954 inamtaka azuie sungura wa ardhini kwake wasiharibu mali ya jirani, kwa hiyo anakuhitaji.

Ukimpata mtoto wa mbwa, usimpeleke kwa sungura upesi. Mfundishe kuja, kukaa, kusimama kwa kipenga, kwanza uani, kisha penye kondoo, ukiwa umemshika kamba. Wengi hawako tayari kabla ya kutimiza mwaka. Akianza kazi, kila jioni mpekue masikio na katikati ya vidole, utoe miiba na zile mbegu za nyasi zenye ncha. Zikipenya ngozini hutembea mwilini na kumtia usaha. Usichoke kufanya hivyo hata siku uliyochoka wewe.

Kwa baridi ya mwaka huu, basi, hutakuwa na mbwa. Zungushia miche vikinga vya waya, na umwombe mwenye shamba akutafutie mtu mwenye fereti, kile kijinyama cha ukoo wa kicheche kinachotoa sungura mashimoni. Nenda naye ujifunze mashimo yaliko, maana utayahitaji baadaye ukijua sungura anayekurupushwa atakimbilia upande gani. Ukishapata wafugaji wawili watatu wa kuwatembelea, nijulishe mapema. Nitapanda treni nije twende pamoja. Nataka nimwone huyo mama mtu akiingia miibani.

Wasalaam,
Mjomba wako