Jiko la Safarini Katika Njia ya Marangu

Akina mama wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro huuliza sana habari za viatu, makoti na blanketi. Ni wachache wanaouliza habari za jiko. Lakini huko juu jiko ndilo linaloamua kama mtakunywa maji safi, kama mtakula kitu cha moto, na pengine kama mtaamka salama asubuhi. Sisi wa kikundi cha akina mama tuliofika Horombo kwa njia ya Marangu tunapenda kuwashirikisha wenzetu tuliyoyaona.

Kwanza, kuni haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Msitu unaoanzia juu ya mashamba ya migomba ndio unaolisha mifereji ya Wachagga na Mto Pangani. Ukiisha, atakayehangaika na ndoo ni mama wa kule chini. Hata jiko dogo lahitaji uangalifu. Oktoba 2020 moto mkubwa ulizuka Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukawaka kwa zaidi ya wiki moja. Taarifa za awali za hifadhi zilisema ulianza wapagazi walipokuwa wakipasha chakula. Kwa hiyo, weka jiko juu ya jiwe au udongo mtupu, mbali na majani makavu, na mtu asiliache peke yake.

Majiko mepesi ya safari ni ya aina tatu.

Jiko la mafuta ya taa la kupampu lilianza kutengenezwa Sweden mwaka 1892. Ni zito kidogo, lakini lina nguvu na halisumbuliwi na baridi. Hulipasha kwanza kwa spiriti kidogo, kisha unapampu. Usilijaze likiwa la moto, wala usilitie petroli hata siku moja, kwani laweza kulipuka. Mafuta yabebwe katika chupa ya chuma yenye kifuniko cha kukaza, si chupa ya soda. Sisi wauguzi twajua sababu: mtoto huona soda. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, maana yakiingia mapafuni yanaleta madhara makubwa. Mkimbize hospitali.

Jiko la gesi lenye mtungi mdogo ni jepesi na huwaka mara moja. Shida yake ni baridi. Gesi ya butani hukataa kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 0, na usiku wa Horombo hufika huko. Chagua mtungi uliochanganywa na propani, na usiku ulale nao ndani ya blanketi. Usiupashe motoni. Ukiisha, rudi nao chini.

Jiko la spiriti ndilo jepesi kuliko yote na halina cha kuharibika. Lakini huchelewa kuchemsha, na mchana mwali wake hauonekani vizuri. Wengine huungua kwa kuongeza spiriti wakidhani jiko limezimika. Subiri lipoe kabisa kwanza.

Sasa tuseme lililo kubwa. Mandara, yapata mita 2,700, na Horombo, yapata mita 3,700, watu hulala katika vibanda vya mbao. Jioni ya Horombo baridi ilitushika, na mwenzetu mmoja akashauri tuwashe jiko chumbani japo kwa dakika kumi. Tulikataa, tukavaa soksi za pili na kusogeleana. Jiko lolote, liwe la mafuta, gesi au spiriti, laweza kutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na huko juu oksijeni tayari ni haba.

Hatari zaidi ni kwamba dalili zake hufanana na ugonjwa wa mlima: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu. Mtu husema, "Ni mlima tu," akalala, asiamke. Mkipika nje, sababu hiyo mmeiondoa. Mwenzenu akilalamika mahali palipowashwa jiko, mtoeni kwenye hewa safi mara moja, kisha mwambieni kiongozi wa msafara. Asipopata nafuu, ateremshwe bila kusubiri asubuhi.

Kuhusu chakula, maji ya Horombo huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, si 100 kama pwani. Maharage makavu yatamaliza mafuta yenu kabla hayajaiva. Chukueni yaliyokwisha kuchemshwa nyumbani, tambi, uji, viazi vilivyokatwa vidogo. Funikeni sufuria na mkinge upepo, lakini mtungi wa gesi usizungushiwe kinga ukashika joto. Maji ya kunywa yaacheni yatokote kwa dakika 3, yatakuwa salama.

Haya si ya wapanda mlima peke yao. Katika baridi ya Juni na Julai, akina mama wengi wa nyanda za juu huingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto mchanga asipate baridi, kisha hufunga mlango. Hewa ile ya sumu ni hiyo hiyo. Mpashe mtoto joto kwa kifua chako, kofia na blanketi, nalo jiko libaki nje.