Kodi ya Nyumba na Fungu la Nyumba

Wengi katika sisi watu wa Mombasa twala kwa kodi ya vyumba. Mzee hufariki akaacha nyumba ya vyumba sita, na kodi yake ikawa ndiyo posho ya mjane na mayatima. Ni pato la halali, wala hapana aibu ndani yake. Lakini twaona wenye nyumba wengi huzihesabu fedha zote ziingiazo mkononi kuwa ni zao za kula, na nyumba yenyewe, ambayo ndiyo iwalishayo, haipati kitu.

Mama yetu anayo nyumba kama hiyo, na sisi wanawe ndio tumshikiao hesabu. Wapangaji ni sita, kila mmoja hutoa shilingi 6,000. Jumla ni 36,000 kwa mwezi. Cha kwanza kuondolewa ni haki ya serikali. Apataye kodi ya nyumba za kuishi zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka, na isiyopita milioni 15, hutozwa ushuru wa asilimia 7.5 tangu Januari 2024 (kabla ya hapo ulikuwa asilimia 10), nao hutozwa juu ya kodi nzima, bila ya kupunguziwa gharama hata ya msumari mmoja. Hizo ni 2,700. Kisha 600 za mwenye ardhi, kwani nyumba yetu, kama nyingi za mji huu, imesimama juu ya kiwanja cha mwengine. Maji, taa ya ukumbini na ufagizi ni 3,700. Zabaki 29,000.

Hapa ndipo penye mzozo. Katika hizo twatoa 6,000, yaani kodi ya chumba kizima, kwa matengenezo, na 3,000 za kungojea siku chumba kitakapokuwa kitupu. Mama hupelekewa 20,000. Mara ya kwanza alizihesabu mara mbili, akasema, "Wanangu, wapangaji ni sita, mbona naletewa kodi ya watatu?" Alikuwa na haki ya kuuliza, kwani alea wajukuu wawili mayatima, na karo ya shule haingoji. Ndugu yetu mmoja alitaka fungu la matengenezo livunjwe hata watoto wamalize masomo.

Tulimkumbusha hukumu ya wakfu: mapato yake hutangulizwa kuuimarisha wakfu wenyewe, kisha ndipo wapewe wanaostahiki. Nyumba ya mama si wakfu, lakini kipimo hicho chaifaa. Tena aliyekodi chumba amekodi mahali pa kukaa pasipovuja. Kuziba paa ni wajibu wa mwenye nyumba, wala si hisani.

Mvua za vuli za Novemba 2023 zilipofurika mjini, vyumba viwili vilivuja hata magodoro yakaloa. Fungu lilikuwa limefika 96,000, akiba ya miezi kumi na sita. Mabati, boriti na ujira wa fundi vikalipwa humo, hatukukopa kwa mtu wala kwa riba.

Amana aiwekayo mpangaji anapoingia haimo kabisa katika hesabu hizi. Hukaa peke yake, kwani siku ya kuhama ataidai, na ugomvi mwingi tuusikiao mitaani watokana na amana iliyokwisha kuliwa.

Na jambo moja huwapotea wengi. Nyumba ya kukodishwa yenyewe haitolewi zaka. Ndivyo ilivyoamua Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jidda mwaka 1985. Lakini fedha za kodi zilizowekwa, zikifika nisabu na zikapitiwa na mwaka, hutolewa fungu moja katika arubaini, hata tukiziita "fungu la mabati". Nyumba haimiliki mali. Mwenye mali ni mama.

Mwezi huu chumba cha nne ki kitupu, mpangaji wake amehamia Malindi. Mama amepata 20,000 zake kama kawaida. Hakuuliza habari ya chumba; aliuliza kama shimo la choo laweza kungoja hata Ramadhani ipite, nasi tumemwita fundi aje kulitazama.