Nusura tuuze kasha la nyanya kwa bei ya kuni

Mpenzi msomaji, je, unajua kilichomo katika chumba cha nyanya yako, chini ya ile mikeka iliyorundikwa miaka nenda miaka rudi? Usinijibu haraka. Mimi pia nilidhani najua.

Nyanya yangu alipofariki alituachia nyumba ndogo mtaa wa Kibokoni, Mombasa, pamoja na vyombo vyake. Baada ya arobaini, mjomba alituita sisi wa Nairobi twende tukagawane. Warithi walikuwa wanne: mama yangu, mama mdogo na wajomba wawili. Kwa kuwa kitanda hakikatwi vipande vinne, ilibidi kila kitu kitiwe bei kwanza. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Ukumbini palikuwa na kiti cha enzi, kile kiti kirefu cha Waswahili chenye kamba zilizosukwa mgongoni na nakshi nyeupe juu ya mbao nyeusi. Wajomba wote wawili walikitaka, na kwa siku mbili hawakusalimiana. Jikoni kulikuwa na kasha lililojaa masizi, ambamo nyanya aliweka mchele na unga. Hilo halikuwa na mwenyewe.

Jirani akatuletea mnunuzi wa vitu vya kale. Alikizunguka kiti, akakisifu, akataja Sh60,000. Kisha, akiwa tayari mlangoni, akageuka na kusema, "Na lile kasha la jikoni nitawaondolea tu. Nitaongeza elfu mbili."

Mjomba mkubwa alikuwa amekwisha kunyosha mkono. Mama akamzuia. "Ngoja, kaka. Nani anayenunua kuni kwa elfu mbili?"

Kesho yake tulimwita seremala mmoja mzee anayejua kazi za zamani. Msomaji, mzee huyo hakushughulika na sura ya kiti. Alikipindua! Chini yake tukaona skurubu zenye alama ya msalaba kichwani. Skurubu za aina hiyo zilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwa hivyo ukizikuta, ama chombo si cha kale sana, ama kimewahi kukarabatiwa. Akazigusa zile nakshi nyeupe. Pembe ya ndovu ina mistari myembamba inayokatana, na mfupa una vidoa vidogo vyeusi. Zetu hazikuwa na lolote. Zilikuwa plastiki.

Mama mdogo akacheka. "Mbona hamkuniuliza? Baba alikichongesha Lamu mwaka 1974. Niliona kikishushwa kwa macho yangu."

Ndipo mzee akaenda jikoni. Alilifuta kasha kwa kitambaa kikavu, na shaba ikaanza kuonekana. Mbao zilikuwa za msaji, nzito ajabu. Pembeni ziliumana kama vidole vilivyoshikana, lakini hakuna kidole kilicholingana na mwenzake, ishara kwamba zilikatwa kwa mkono, si kwa mashine. Misumari ya shaba nayo haikufanana. Droo tatu za chini zilikuwa zimelika pale zinapopita zikivutwa, na ndani mlikuwa na kijisanduku cha siri. Makasha ya namna hii yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi wakati wa kaskazi. Mengine yalitengenezwa papa hapa pwani, na hadi leo yanaigwa na kupakwa rangi yaonekane makuukuu. Mwigaji huchakaza juu, panapoonekana. Umri wa kweli huchakaza pale mkono unaposhika na mguu unapogonga.

Lakini upande mmoja mzee alitikisa kichwa. Binamu yangu, kwa nia njema, alikuwa ameanza kuupiga msasa ili aupake vanishi. Ile rangi iliyokolea kwa miaka mingi haitengenezwi tena, na sehemu ya thamani ilikuwa imekwenda nayo. Basi ukirithi chombo cha kale, kipanguse vumbi tu, uache hapo.

Vipi kuhusu bei? Jua kwamba kitu kimoja kina bei zaidi ya moja. Anayenunua ili auze atakupa kidogo, maana naye lazima apate faida. Bei ya dukani ni kubwa zaidi, na ya bima huwa juu zaidi, kwani ni gharama ya kupata kingine mfano wake. Usimwachie anayetaka kununua akuambie thamani. Tafuta wawili wasiotaka kununua, kila mmoja kivyake. Uliza pia sheria. Chombo kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale chini ya sheria ya makavazi ya mwaka 2006, na hakitolewi nchini bila kibali. Na kama kina pembe za ndovu za kweli, usikipeleke sokoni, kwani biashara ya pembe ni marufuku.

Sisi tulipata wakadiriaji wawili. Bei waliyotaja sitaiandika hapa, maana wezi pia husoma magazeti. Nitasema tu kwamba ilipita ile ya kiti mara kadhaa. Kasha alilichukua mama mdogo, aliyemuuguza nyanya hadi mwisho, na thamani yake ikakatwa katika fungu lake la nyumba. Kiti alichukua mjomba mdogo. Wajomba sasa wanasalimiana.

Lakini mali bila daftari huisha bila habari. Jumapili hii, ukiwa na mzee nyumbani, chukua kalamu na karatasi. Muulize kila chombo kilitoka wapi, kilinunuliwa na nani, mwaka gani. Andika, ukitie karatasi hiyo ndani ya droo. Sisi tulibahatika kwa kuwa mama mdogo alikuwepo. Angekuwa ametangulia, tungeligombania plastiki na kuuza msaji.