Londiani: Mashua Yazungumzwa Shambani mwa Viazi

Ukishuka matatu mjini Londiani asubuhi, msomaji mpendwa, hakikisha umevaa sweta. Mji huu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haina mzaha. Utaiona reli ya zamani ya kwenda Kisumu, magogo ya miti na magunia ya viazi. Mashua hutaiona. Lakini ni papa hapa nilipoulizwa habari za mashua.

Mwenyeji wangu, mzee mkulima wa viazi, alikuwa amenunua mashua ya tanga pamoja na shemeji yake, huko Dunga, Kisumu. Muuzaji fulani akawashauri wanunue rangi nyekundu ya baharini ili chini ya mashua pasiote uchafu. Bei yake ingemeza viazi vya msimu mzima.

"Mwanangu, wewe umekaa Lamu," akaniambia. "Ninunue, nisinunue?"

Nikamweleza. Kule Lamu mabaharia husubiri bamvua, maji yakipwa chombo kikabaki mchangani. Mwani na chaza walioganda kama saruji hukwanguliwa, mbao zikababuliwa kwa moto wa makuti kuua wadudu wanaozitoboa, kisha hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Baada ya miezi michache kazi huanza upya, na ni kazi ya kuvunja mgongo! Rangi ya dukani hupunguza taabu hiyo, na nguvu yake ni shaba. Waingereza waliivika manowari yao Alarm mabamba ya shaba tangu 1761. Baadaye ikaja rangi yenye sumu ya bati, ikadhuru viumbe wa baharini hata wasiogusa chombo. Mkataba wa kimataifa wa 2001, ulioanza kutumika 2008, ukaipiga marufuku.

"Shaba?" mzee akadakia. "Si ndiyo iliyomo katika dawa ninayonyunyizia viazi visipatwe na ukungu?"

Ndiyo hiyo hiyo.

"Na pakiti yake imeandikwa nisiimwage mtoni, huua samaki."

Basi hapo nusu ya jibu alikwisha kujipa mwenyewe. Nusu nyingine ni kwamba chaza wale, pamoja na mdudu wa baharini atobaye mbao, hawaishi katika maji ya ziwa yasiyo na chumvi. Kinachoota Dunga ni utelezi wa kijani. Ukiivuta mashua ufukoni na kuisugua kwa brashi ngumu, unatoka. Mbao zinahitaji kalafati nzuri na rangi ya kawaida ya kuzuia maji, basi. Kama chombo kingekuwa kinaelea Kilindini mwaka mzima, ningemwambia auze viazi.

Tena, mvua ya misitu ya Londiani hushuka kwa mto Kipchorian, ikaingia Nyando, hadi Ghuba ya Winam. Kando ya ghuba hiyo watu huteka maji ya kunywa, na ngege huzaliana papo hapo mashua zinapofungwa.

Mzee akampigia simu shemeji yake. Walizozana kwa muda mrefu, maana shemeji alikwisha kuupenda wekundu ule. Jioni tulipita dukani, mzee akanunua brashi mbili.