Nathenje, Mji Usio na Boma

Wenzangu, nanyi mliotutangulia katika shule hii, nawaombeni nafasi kidogo niwaeleze habari za Nathenje. Ukitoka Lilongwe kwa barabara kuu ya kusini, iendayo Dedza na Blantyre, utafika huko baada ya kilomita 20 na kitu. Mabasi hupita mbio, na msafiri aliyesinzia hataona kitu.

Hapa Malawi makao ya wilaya huitwa boma, neno tulijualo. Nathenje haina boma. Mwenye shauri hupanda minibasi kwenda Lilongwe. Lakini Lilongwe nayo ilikuwa boma dogo tu kando ya mto, hata mwaka 1975 ikafanywa makao makuu ya nchi mahali pa Zomba. Kwa hiyo mimi siucheki mji mdogo.

Utajiri wa Nathenje ni soko lake. Baada ya mavuno huja mahindi, karanga na soya, mengine kwa mikokoteni ya ng'ombe, mengine juu ya baiskeli zilizolemewa hata mwendeshaji haonekani. Duka la baba lilikuwa karibu: chumvi, sabuni, sukari, mafuta ya kupikia. Hapo ndipo nilipojifunza Kichewa, wala si kwa kitabu. Moto ni moto, nyumba ni nyumba, maji ni madzi, njia ni njira. Yaliyobaki nilifundishwa na mama mmoja muuza mandasi, ambaye kwanza alinicheka, kisha akanisahihisha.

Mwaka 2023 ilitoka amri kwamba wakimbizi wote warudi kambini Dzaleka, wilaya ya Dowa. Tuliuza bidhaa kwa hasara. Dzaleka palikuwa gereza la wafungwa wa siasa zamani za Rais Banda. Tangu 1994 ni kambi. Ilikusudiwa watu 10,000 hivi au zaidi kidogo, nasi sasa tumepita 50,000.

Siku ya kuondoka mizani ya baba haikupata nafasi garini. Akampelekea yule mama, akamwambia, "Mayi, nitunzie hii." Kila mavuno mama hupiga simu, akasema kwamba anapimia karanga zake, na kuuliza ni lini tutaifuata. Baba humjibu aipake mafuta, isije ikashika kutu.