Kibao cha Lenzi Kilichochongwa Kimbo

Msomaji, ukipanda matatu ya kwenda Thika, Ruiru ikishapita utamsikia utingo akiita Kimbo. Wengi hupita mbio tu, hasa tangu barabara kuu ilipokamilika mwaka 2012. Mimi hushuka, kwa maana guka wangu anaishi huko, nyuma ya nyumba za ghorofa za kupangisha.

Guka alikuwa mpiga picha. Kamera yake ni ya mbao, ina miguu mitatu na mfuko unaokunjamana kama wa kodiani. Alipiga picha za harusi na ubatizo za watu wengi, lakini shosho mwenyewe hakuwahi kusimama mbele yake. Kila mara alisema ana kazi jikoni. Jumamosi hiyo alikubali, na filamu zilikuwa zimebaki mbili tu, za inchi 4 kwa 5.

Lenzi iliyokuwa kwenye kamera ni ya milimita 90, inayofaa majengo. Ukitaka kujaza uso kwayo, itakubidi usogee karibu mno, na pua itamtangulia mwenyewe. Guka alitaka ya 210. Katika kamera hizi lenzi hufungwa kwenye kibao, na kibao kizima ndicho hung'olewa, kingine kikatiwa. Filamu haidhuriki, kwa kuwa hukaa katika kasha lake kando mpaka dakika ya mwisho. Lakini ole wetu, kibao cha 210 kilikuwa kimepasuka.

Tukaenda kwa seremala mmoja kando ya barabara ya Matangi, fundi wa vitanda na makochi.

"Tundu la ukubwa gani, mzee?"

"Milimita 41.6."

Fundi akacheka. "Mzee, hapa tunapima kwa inchi!"

Guka hakucheka. Akamwambia atoboe inchi 1 na 5/8, kisha amalizie kwa msasa, kwani ingebaki kama theluthi ya milimita. Lenzi ikaingia, guka akaikaza kwa pete yake ya nyuma. Upande wa ndani tukaupaka rangi nyeusi.

Nyumbani kibao kilikaa vyema nikadhani tumemaliza. Kumbe! Guka alifunga lenzi, akatoa kioo cha nyuma, akajifunika shuka jeusi na kuchungulia ndani huku jua likipiga mbele ya kamera.

"Hapa pana mwanga," akasema.

Ulikuwa mwembamba kama uzi, lakini ungetosha kuiharibu filamu. Tukakata utepe wa mahameli meusi, tukaubandika ukingoni mwa kibao. Akachungulia tena. Giza totoro.

Shosho akaketi chini ya mparachichi. Niliruhusiwa kumtazama katika kioo chenye ukungu: kichwa chini, mikono mapajani, leso mpya. Guka akatia kasha, akavuta kifuniko chake, shata ikalia.

Filamu ya pili haikuguswa. Shosho alikuwa amekwisha inuka, akisema chai inapoa.