Amu, Mwisho wa Mfungo Sita

Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri, sisi pamoja na vijana tisa wa madrasa yetu, tukielekea Amu kuhudhuria maulidi ya Riyadha. Aliyewahi kuipita njia hiyo anaijua: Malindi, Garsen, Witu, kisha Mokowe, ambako barabara huishia majini na abiria huteremka garini wakaingia botini. Vijana wanane waliimba kasida njia nzima. Wa tisa alikaa dirishani, hakufungua kinywa.

Kijana huyu ana miaka 18, na ndiye aliyekuwa na sauti njema kuliko wenziwe wote. Miezi minane kabla ya safari hii babake, aliyekuwa mvuvi, alirejea kwa Mola wake. Tulikuwapo mazikoni. Aliposhuka kaburini kumpokea mzee wake, midomo ilianza kumcheza, nasi tukainama tukamshika bega, tukamwambia ajikaze, mwanamume halii, na sasa yeye ndiye baba wa nyumba. Alitutii. Hakulia siku ile, wala siku ya hitima, wala baadaye. Kuimba nako akaacha. Hatimaye mamake alitujia akasema, "Sheikh, mwanangu yumo nyumbani lakini hayupo. Kila nimuulizalo, jawabu ni naam au la." Tulimchukua kwenda Amu kwa sababu hatukujua la kufanya jingine.

Riyadha iko upande wa Langoni, mbali kidogo na majumba ya mawe ya wakubwa wa kale wa Mkomani, na umbali huo una historia yake. Alhabib Swaleh Jamalilleil alifika Amu kutoka Ngazija katika karne ya 19. Darasa lake aliwafungulia watu ambao mji haukuwahesabu: waliokuwa watumwa jana na watoto wao, wachukuzi, wakulima wa mashambani. Akawasomesha, akawaacha waingie na matari yao katika kumsifu Mtume (S.A.W.). Wapo waliochukizwa. (Mjadala wa hukumu ya maulidi hatuufungui hapa, wasomaji wetu wanajua tunaposimama.) Linalotuhusu ni kuwa vijana walioambiwa tangu utotoni kuwa si kitu walipewa pahala pa kusimama, wakasikizwa.

Athari ya jambo hilo ingali inaonekana. Usiku wa kwanza tulimwona mtoto ambaye hakuzidi miaka kumi akisimama mbele ya masharifu na wanavyuoni, kofia imemshuka hadi masikioni, akasoma fungu lake la maulidi ya Al-Habshi. Alikosea pahali. Mzee aliyeketi karibu naye alimnong'oneza neno, mtoto akalishika, akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna aliyecheka wala aliyekunja uso. Tulikumbuka, kwa haya kidogo, jinsi tulivyozoea kumkatiza mwanafunzi kwa sauti ambayo jirani wa tatu huisikia.

Baadaye vijana walikaa safu mbili zikielekeana, bega kwa bega, matari mkononi, wakiyumba pamoja kama mashua zilizofungwa gati moja. Ulipofika wakati wa kusimama, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alilia mpaka kifua cha kanzu yake kikalowa. Kijana aliyekuwa kando yake, pande la mtu, mchukuzi wa bandarini kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa, alilia vilevile, kisha akajipangusa kwa kilemba na kuendelea kupiga tari. Tulimtazama mwanafunzi wetu. Alikuwa akiwakodolea macho watu hao wawili.

Kesho yake alasiri palichezwa kirumbizi. Wawili huingia uwanjani na fimbo zao, ngoma na zumari vikawapandisha; mmoja hutisha, mwenziwe hukinga, na sifa humwendea ajuaye kutisha bila kuumiza. Hapo pia tuliwaona vijana wakijitapa, wakiringa, wakikumbatiana. Mvulana yuleyule aliyekuwa akiinamisha macho mbele ya mjomba wake asubuhi, sasa amenyoosha kifua mbele ya mji mzima.

Sisi tulilelewa hivyohivyo: usimkazie macho mkubwa, usiseme barazani mpaka uulizwe, peleka kahawa na urudi nyuma. Siku ya kutahiriwa tuliambiwa tukilia tutamwaibisha mama. Hatusemi malezi hayo ni mabaya. Adabu ile imetufaa, na anayedhani kijana akiinamisha macho hana ujasiri hajui pwani. Lakini wazee wetu walipotufunga mdomo barazani, walitufungulia kwengine: katika kasida, katika kirumbizi, katika dua ya usiku. Leo katika mitaa yetu ya Mombasa milango hiyo ya pili tumeiacha ikafungwa mmoja mmoja, na lile "jikaze" tukalibakisha peke yake.

Usiku wa mwisho, baada ya Isha, tuliketi na kijana wetu ukingoni mwa bahari, maji yakiwa yamejaa. Aliuliza bila kututazama: "Sheikh, ulilia ulipofiwa na babako?"

Tungeweza kumpa jawabu la kisheikh. Tulimwambia ukweli: hatukulia mbele ya watu. Tulilia mwaka uliofuata, msikitini, tulipomsikia mgeni akikohoa kikohozi kama chake, na tulitoka mbio ili watu wasituone. Kisha tukamsimulia habari iliyomo katika Bukhari, ya Mtume (S.A.W.) alipompakata mwanawe Ibrahim akikata roho, macho yakamtiririka mbele ya masahaba. Abdurrahman bin Auf alistaajabu, akamuuliza, naye akamjibu kuwa hiyo ni rehema.

Alinyamaza kitambo. "Hadithi hii ulitusomesha darasa la pili," akasema.

"Naam."

"Mbona siku ile kaburini hukuitaja?"

Hatukuwa na jawabu. Tumeisomesha hadithi hiyo zaidi ya miaka 20, na siku ilipohitajika, yaliyotutoka kinywani yalikuwa maneno ya ami yetu, si ya Mtume. Tulimwomba radhi. Alitikisa kichwa, hatujui kama ni kwa kukubali ama kwa kustaajabu kuombwa radhi na mwalimu wake.

Asubuhi tulivuka kurudi Mokowe. Wenziwe walipokuwa wakipakia mizigo, yeye alisogea kando, nyuma ya kibanda cha muuza mahamri, akampigia mamake simu. Tulisikia akisema, "Mama, namkumbuka baba," kisha hatukusikia neno tena, ila mabega tuliyaona yakitikisika. Dereva alipiga honi. Tulimwambia angoje, tukawapandisha vijana garini, tukaweka kilemba chetu kwenye kiti cha dirishani asije mtu akakikalia.